Mkeka Uliochanikia Mechi ya Nane

Swali: "Shikamoo Daktari. Mimi ni dereva bodaboda, napaki Chikongola hapa Mtwara mjini. Wiki mbili zilizopita niliweka mkeka wa kubeti wa mechi nane kwa shilingi 5,000, ule ambao ikikataa timu moja umekosa wote. Saba zikatoka. Ya nane tulikuwa tunaongoza mpaka dakika ya 89, jamaa wakasawazisha. Usiku ule sikulala. Asubuhi nikachukua hesabu ya bosi ya siku mbili nikaweka yote, nayo ikaliwa. Kinachonishangaza, mkeka ukichanika vibaya, timu nne tano zikikataa, siumii wala sina hamu ya kurudia siku hiyo. Lakini ukichanwa na timu moja, hamu inakuwa kali kuliko hata nikishinda. Wenzangu kijiweni wanasema hiyo ni dalili kwamba mchezo nimeshaujua, nimebakiza kidogo. Ni kweli? Na kichwani kwangu kunatokea nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na wenzako wa kijiweni, maana lao halihitaji daktari, linahitaji kikokotoo cha simu tu.

Tuseme wewe ni mchaguzi mzuri. Kila timu unayoiweka ina nafasi 70 kati ya 100 ya kushinda, na odi yake, yaani namba inayozidishwa na dau lako timu ikishinda, ni 1.35. Zidisha 1.35 kwa yenyewe mpaka mechi nane zitimie, unapata 11 na ushee. Kwa hiyo 5,000 yako inaahidiwa kama 55,000. Sasa zidisha na nafasi: 0.7 kwa yenyewe mpaka mechi nane zitimie. Jibu ni kama 0.058. Maana yake ukiweka mikeka 100 ya namna hiyo, inayotoka yote ni kama sita.

Inayochanwa na timu moja tu ni mingapi? Kama 20. Irudie hiyo hesabu mwenyewe ukiwa na nafasi, kwa sababu ndiyo jibu la kijiwe chako chote. Kukosa kwa timu moja kunatokea zaidi ya mara tatu ya kushinda. Kukosa kwa timu mbili ndiko kwa kawaida zaidi, kama mikeka 30 katika 100. Mtu ambaye ujuzi wake haujaongezeka hata chembe, anayechagua leo kama alivyochagua miaka kumi iliyopita, ataona mkeka mmoja katika kila mitano ukichanwa na timu moja, tena bila mkosi wala uchawi wowote. Mikeka ndivyo ilivyofumwa.

Na kampuni haina haja ya kukuibia. Odi ya 1.35 ukiizidisha na nafasi ya 0.7 unapata 0.945. Kwenye kila shilingi 1,000, wao wanabaki na 55. Ni kidogo, hakuna atakayelalamika. Ila ukiunganisha mechi nane, hicho kidogo kinajizidisha mara nane, na kinachokurudia kwa wastani ni kama 636 kwenye kila 1,000. Ndiyo maana wanapenda sana uongeze timu.

Kwa hiyo hapana, hujabakiza kidogo. Swali lako la pili ndilo lililonifanya nikae chini kuandika: kwa nini kichwa kinaona kwamba umebakiza kidogo, na kinaona hivyo kwa nguvu zote?

Mimi nimekulia Newala, na utoto wetu ulikuwa wa kutungua maembe kwa mawe. Jiwe la kwanza linapita mbali kushoto. La pili linapita juu kidogo. La tatu linagusa jani lililo jirani na embe, na hapo wote mnapiga kelele, "Bado kidogo!" Ile kelele ilikuwa ya haki kabisa. Jiwe lililogusa jani limeufundisha mkono kitu ambacho jiwe la kwanza halikufundisha. La nne au la tano, embe liko chini. Mvuvi wa Mikindani anayehisi samaki amegusa chambo akaponyoka naye anajifunza vilevile, kwamba mahali ni hapa, chambo ni hiki, asiondoke. Nawe ulipokuwa unajifunza pikipiki, kila kona uliyonusurika ilikufundisha kona inayofuata.

Kwenye maisha haya ya mikono na miguu, kukosa chupuchupu ni habari. Ni habari nzuri kuliko karibu zote, kwa sababu inakuambia urekebishe kidogo na usikate tamaa. Ubongo ambao haukuvutwa na chupuchupu ungekufa njaa chini ya mwembe. Kwa hiyo ile hamu yako si ugonjwa wala ujinga. Ni chombo kizuri kilichopelekwa kupima mahali ambapo hakuna cha kupima. Bao la dakika ya 89 halikuacha chochote mkononi mwako cha kurekebisha. Mechi ya wiki ijayo haijui kwamba ya wiki hii ilikaribia.

Chombo chenyewe tunakijua vizuri kiasi, na sehemu kubwa ya tunachojua ilitoka kwa kima wanaopewa matone ya juisi. Wolfram Schultz, Mjerumani aliyefanya kazi Fribourg huko Uswisi kisha Cambridge, alipachika nyaya nyembamba sana kwenye ubongo wa kati wa kima, mahali penye seli za neva zinazotoa dopamini, akasikiliza seli moja moja. Siku za mwanzo, seli zililipuka juisi ilipofika mdomoni. Baadaye kima akazoea kwamba taa ikiwaka juisi inafuata. Hapo seli zikahamia kwenye taa. Juisi yenyewe ilipofika, kimya. Na siku taa ilipowaka juisi isije, seli zilishuka chini ya kawaida yake, tena katika sekunde ileile ambayo juisi ilipaswa kufika. Mwaka 1997 Schultz aliandika pamoja na Peter Dayan na Read Montague kuonyesha kwamba seli hizi zinapiga hesabu ya kutoa: nilichopata, toa nilichotarajia.

Siku hizi dopamini imekuwa kama chumvi, kila mtu mitandaoni anaimwaga kwenye chakula chake na kuiita kemikali ya raha. Mimi ningeomba tuliache jina hilo. Seli hizi zinapima mshangao, yaani tofauti kati ya ulichopata na ulichongoja.

Ukitaka kuliona bila maabara, nenda kwenye mnada wa korosho msimu ukifunguka. Mkulima aliyetoka nyumbani akitarajia shilingi 2,000 kwa kilo, akasikia 2,500, atarudi na nyimbo. Jirani yake aliyeambiwa na mtu kwamba mwaka huu ni 3,000 atasikia 2,500 ileile na kutaka mnada uvunjwe. Bei ni moja, stakabadhi zinafanana, korosho zimetoka kwenye mashamba yanayopakana. Mmoja amepandishwa 500, mwingine ameshushwa 500.

Sasa tuuangalie mkeka wako kwa jicho hilo. Ulipoubofya, thamani yake ya kweli ilikuwa kama shilingi 3,180, kwa sababu wastani wa kinachorudi ni 636 kwa 1,000. Timu ya kwanza ilipotoka, thamani ikapanda. Ya pili, ikapanda tena. Mara saba mfululizo ulipigiwa vigelegele kichwani, na ilipobaki mechi moja mkeka uleule ulikuwa na thamani ya kama 38,600. Halafu timu ya nane ikaongoza. Dakika ya 85, kwa makadirio yangu, ulikuwa umekaa juu ya kitu cha zaidi ya 50,000, na nina hakika ulikuwa umeshaanza kuzigawa: tairi la nyuma, kodi, na kitu cha mama. Bao la kusawazisha likaishusha 50,000 mpaka sifuri kwa sekunde moja.

Mfukoni ulipoteza 5,000. Kichwani ulipoteza hamsini. Mkeka unaochanika mechi za mwanzo unakushusha kutoka 3,000 na kitu mpaka sifuri, mapema, kabla hujazoea kuwa tajiri. Ndiyo maana huo hauumi. Wewe uliliona hilo mwenyewe na ukadhani ni ajabu, kumbe ulikuwa umeisoma mita ya ubongo wako vizuri kuliko wengi wanaokuja kwangu.

Kuna jambo jingine kuhusu zile dakika za kungoja. Mwaka 2003 Christopher Fiorillo na Philippe Tobler, pamoja na Schultz, waliwapa kima ishara tofauti: hii ina maana juisi haiji kabisa, hii inakuja mara moja katika nne, hii nusu kwa nusu, hii inakuja kila mara. Kati ya ishara na juisi, seli zilianza kupanda polepole, kama sauti ya redio inayoongezwa. Zilipanda zaidi pale ambapo nafasi ilikuwa nusu kwa nusu. Palipokuwa na uhakika, iwe wa kupata au wa kukosa, hazikupanda hivyo. Wataalamu wanabishana bado maana ya huo mpando ni nini hasa, na mimi sitajifanya mwamuzi. Lakini mtu yeyote aliyewahi kukaa na mkeka hai mbele ya luninga ya kibanda umiza, timu yake ikilinda bao moja, anaujua huo mpando bila kuchomekwa waya.

Hilo linaeleza maumivu. Hamu ni kitu kingine, na hapa ndipo watu wengi hukosea kwa kudhani kwamba kinachouma lazima kifukuze. Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake wa Cambridge waliwalaza watu wazima wenye afya ndani ya mashine inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini, wakawachezesha mchezo mdogo wa picha zinazozunguka. Wakati mwingine picha ilisimama palepale, wakashinda. Wakati mwingine ilisimama hatua moja kabla au hatua moja baada. Wakati mwingine mbali kabisa. Wachezaji walisema chupuchupu inachukiza kuliko kukosa kwa mbali. Hapo hapo walisema inawatia hamu zaidi ya kuendelea. Na picha za ubongo zilionyesha chupuchupu ikiwasha sehemu zilezile zinazowaka mtu anaposhinda pesa kweli, zikiwemo striatamu ya chini, ambayo hupokea ile dopamini kutoka ubongo wa kati, na insula, iliyojificha ndani ya mkunjo wa ubavuni mwa ubongo na inayosikiliza mapigo ya moyo na hali ya tumbo.

Kuna kipengele kimoja cha utafiti ule ambacho kinakuhusu wewe binafsi. Ile hamu iliongezeka pale tu mchezaji alipoichagua picha mwenyewe. Kompyuta ilipomchagulia, chupuchupu haikumvuta. Sasa fikiria mkeka. Hakuna mchezo wa kubahatisha unaokuchaguza kama mkeka. Unasoma majeruhi, unasoma nani anacheza nyumbani, unabishana kijiweni nusu saa kuhusu kipa. Kila timu ina alama ya kidole chako. Na kwa kuwa kujua mpira kunasaidia kidogo kweli (hiyo 70 badala ya 50 umeipata kwa ujuzi, siikatai), ubongo unaona una haki ya kulichukulia bao la dakika ya 89 kama jiwe lililogusa jani.

Kwenye dubwi, ile mashine ya kamari, hata hicho kidogo hakipo. Unavuta, picha zinazunguka, zinasimama, na wanaokaa pale wanaapa kwamba mashine "ilitaka kutoa". Mwaka 1984 Inge Telnaes alipata hataza Marekani kwa mtindo ambao kompyuta ndiyo inayoamua, na duara unaloliona linaonyesha tu uamuzi uliokwisha kufanywa. Alama zinazoonekana mbele yako hazina nafasi sawa: kwenye hesabu ya ndani, zile tupu zinaweza kupewa sehemu nyingi na ile ya zawadi kubwa ikapewa moja. Duara likasimama juu kidogo ya mstari, wewe unaona umekosa kwa upana wa kidole. Kidole hicho hakipo. Ule mchezo wa kindege, ambao pesa inakua kadiri kindege kinavyopaa na unatakiwa uitoe kabla hakijatoweka, sitausemea sana leo, ila jiulize kwa nini kindege kinaendelea kupaa mbele ya macho yako baada ya wewe kutoa pesa mapema.

Kwamba haya yamo kwenye nyama ya ubongo, wala si udhaifu wa dini au malezi, tunaona kwa njia mbili. Kundi la Clark, pamoja na Antoine Bechara na wenzake, lilichapisha mwaka 2014 habari za wagonjwa walioumia insula. Hao, tofauti na watu wazima wenye afya na wagonjwa walioumia sehemu nyingine, chupuchupu haikuwavuta. Pia hawakuwa na ile imani nyingine maarufu, kwamba kitu kisichotoka kwa muda mrefu sasa lazima kitoke. Imani iliyowafilisi watu kwenye kasino ya Monte Carlo mwezi Agosti 1913, gurudumu la kamari lilipoangukia nyeusi mara 26 mfululizo na wao wakiendelea kuweka kwenye nyekundu. Njia ya pili ni dawa. Mwaka 2005 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza wagonjwa 11 wa Parkinson, yaani ugonjwa wa kutetemeka, walioangukia kwenye kamari ya kupindukia wakitumia dawa zinazoiga dopamini, hasa pramipeksoli. Walipopunguziwa au kuachishwa dawa, kamari nayo iliwatoka wengi wao. Kama una mzee nyumbani anayetibiwa ugonjwa huo, liweke hilo kichwani.

Tuje kwenye asubuhi yako, ambayo kwangu mimi inatisha kuliko usiku. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba mtu hapimi mali aliyonayo, anapima umbali kutoka alama fulani aliyojiwekea. Akiwa juu ya alama anakuwa mwoga, anashika alichonacho. Akiwa chini yake anajitosa, anakubali hatari ambayo jana angeicheka. Wewe uliamka alama yako ikiwa imesimama kwenye 55,000. Kwa macho ya mtu mwingine yeyote ulikuwa kijana aliyepoteza 5,000 na mwenye hesabu ya bosi mfukoni. Kwa macho yako ulikuwa mdaiwa wa elfu hamsini aliyebakiza njia moja ya kurudi nyumbani. Ile hesabu ya bosi haikuliwa na tamaa. Iliwekwa na mtu aliyekuwa anajaribu kurudi pale alipoamini yupo.

Lakini sitakubembeleza. Kurudi siku nyingine kufidia ni mojawapo ya dalili tisa ambazo mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unazitumia kutambua uraibu wa kamari. Zikifika nne ndani ya mwaka mmoja, tunauita ugonjwa. Nyingine ni kuongeza dau ili upate msisimko uleule, kujaribu kupunguza ukashindwa, na kuwaficha watu wako. Jihesabu mwenyewe, bila mimi. Ukifika nne, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa pale Ligula, uulizie huduma ya afya ya akili, na useme "kamari" kwa sauti. Hutakuwa wa kwanza.

Kama hujafika huko, mimi ningeshughulika na saa, si na nia. Saa ya hatari kwako unaijua tayari: ni kuanzia filimbi ya mwisho ya mkeka uliokosa kwa timu moja mpaka kesho yake jua la mchana. Hesabu ya bosi iwe imeshamfikia kabla ya mechi za usiku kuanza, kila siku, hata kama ni kumpelekea mara mbili. Usiku wa chupuchupu, kilichobaki kwenye simu mtumie mtu ambaye unaona aibu kumwomba akurudishie kabla ya siku mbili. Kila familia ina shangazi wa namna hiyo. Na ukishindwa kuacha kubeti, basi acha kufuatilia. Mkeka unaoufungua kesho asubuhi unakushtua mara moja. Unaoufuatilia unakupandisha ngazi saba ndipo unakusukuma. Kuangalia mpira bila mkeka nao nakushauri, japo najua utaniambia haunogi. Wiki chache za mwanzo haunogi kweli.

Imebaki hesabu ya siku mbili. Mwambie bosi leo, kabla hajaulizia. Kama hesabu yako ni 8,000 kwa siku, unadaiwa 16,000. Mwombe umwongezee 2,000 juu ya hesabu ya kawaida, na siku ya nane utakuwa umemaliza. Akikataa, niandikie tena tuone la kufanya.